Mstari wa Kenda

Ilianza siku ya Jumamosi, saa mbili na dakika kumi za asubuhi. Ninajua hata dakika kwa sababu simu ya papa ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa ninamwangazia na taa yake ndani ya chumba cha tatu, naye alikuwa anafungua visi, zile skrubu za mlango. Papa ni fundi wa mbao. Mlango ule aliutengeneza mwenyewe, akaupaka rangi ya kahawia mara mbili, na sasa alikuwa anauondoa ili auuze, maana chumba chenye hakina mpangaji kinaweza kuikala bila mlango. Milango ya chumba cha kwanza na cha pili ilikuwa imekwisha kwenda juma lile lile.

Simu ikalia. Namba ilikuwa ya jirani wa mukaka. Mukaka ni mama wa papa, anaikala Beni, peke yake, karibu na shamba lake la kakao.

"Ni weye?" akauliza.

"Ni miye, mukaka."

"Iko mutu hapa na karatasi. Ule mununuzi wa kakao. Anasema shamba ni yake tangu mavuno yenye imepita. Miye namuambia, wapi! Mujukuu yangu alinisomea ile karatasi mustari kwa mustari, maneno ya vile haikuwa. Kuya unisomee tena mbele yake, apate haya."

"Leo?"

"Leo. Anangojea. Nimemupa kile kiti chenye muguu moja inacheza."

Simu ya papa inapiga kelele, donc papa alisikia yote. Alisimama na turnevisi ya kufungulia visi mkononi, hakunitazama. Mimi pia sikumtazama. Tulikuwa tunajua, sisi wawili tu, ni nini kilichoandikwa kwenye karatasi ile na ni nini nilichosoma.

Lazima nieleze kutoka mwanzo, kama sivyo mtu ataona papa ni mbaya tu, na mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa tu. Si vile.

Miaka miwili na nusu iliyopita, watu waliokimbia vita walikuwa wanaingia Butembo kila juma, wengine kutoka upande wa Eringeti, wengine kutoka kusini. Hapa kwetu Vulamba, chumba kimoja chenye sakafu ya udongo kilikuwa kinapata wapangaji watatu kabla ya saa sita. Bei ilipanda kila mwezi. Wenye parsele, yaani viwanja, walianza kujenga nyuma ya nyumba zao, kando ya vyoo, mahali popote mbao nne zinaweza kusimama. Kila Yenga, tukitoka kanisani, wababa walikuwa wanazungumza juu ya manjanja ya paa, misumari na simenti, hata mbele ya mchungaji. Mchungaji mwenyewe alikuwa amejenga vyumba vitatu.

Kazi ya papa ilikuwa nyingi sana wakati ule. Milango, madirisha, milango. Jioni moja tukiwa tunakula akasema: "Miye natengenezea batu bote milango, na miye mwenyewe nangojea nini?"

"Unangojea makuta. Mufuko iko tupu," mama akamjibu. Mama anauza samaki za Kyavinyonge sokoni, anapenda kujibu hivyo.

"Mama yangu iko na shamba."

"Mama yako iko na shamba. Weye uko na migomba."

Alikata migomba. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa migomba ambayo tulikuwa tunakula mwaka mzima, tena majani yake mama alikuwa anafunikia samaki. Papa aliikata yote kwa siku mbili, akapima na kamba, akasema vyumba vitano vitaingia. Mama alinung'unika juu ya majani, mais kesho yake mimi nilimwona na macho yangu anapima na hatua zake mahali kila mpangaji ataweka jiko. Na mimi? Papa alinionyesha kona ya mwisho, karibu na ukuta wa jirani, akasema: "Chumba cha tano ni chako. Utasomea humo."

Tunalala wasichana wanne katika chumba kimoja. Mdogo wetu anapiga mateke. Mimi ni mtu ambaye anaona haya hata kusoma kwa sauti ndani ya darasa; katika bulletin yangu walimu wanaandika kila mwaka kwamba siongei. Chumba changu peke yangu, na mlango wa kufunga kwa ndani, kilikuwa kitu ambacho sikuwahi kuomba hata kwa Mungu. Nilianza kukipanga kichwani. Meza hapa, kitanda pale, msumari wa kutundika uniforme.

Makuta ya kujenga ilikuwa kwa mnunuzi wa kakao wa Beni. Alikubali kutoa, mais alitaka ashike shamba la mukaka mpaka makuta irudi. Papa akamweleza mukaka, mukaka akasema hana neno, nyumba ni kitu kizuri, mais hatatia kidole kwenye karatasi kama sijamsomea mimi.

Ni hivyo tangu nikiwa darasa la nne. Mukaka hajui kusoma; ananiita macho yake. Barua za kanisa, karatasi za hospitali, karatasi ya mbegu, vyote mimi ndiye nilikuwa ninamsomea nikienda Beni. Mukaka iko na namna yake. Anaketi kando yangu na maharagi katika kiganja. Mimi ninaweka kidole chini ya mstari na kukisogeza pamoja na maneno. Mstari ukiisha, anaweka punje moja ya haragi juu ya meza. Mwisho anahesabu punje, halafu ananiomba nihesabu mistari. Hesabu ikipatana, anasema: "Sasa na miye nimesoma."

Kwa hiyo mtu hawezi kuruka mstari mbele ya mukaka.

Ndani ya gari, tukienda Beni na karatasi ile, papa aliniambia polepole: "Mustari wa kenda, hapana kuusoma. Utamuogopesha bure. Bei inapanda, mwaka moja tu tumerudisha, shamba haitajua hata kama ilitoka."

"Anahesabu, papa."

"Basi tafuta maneno ya kuweka pale. Si uko na akili?"

Papa aliniambia hivyo tu. Maneno niliyatafuta mwenyewe. Nilikuwa na safari nzima ya kuyatafuta.

Mstari wa kenda uliandikwa: "Kama makuta haikurudi mpaka mwisho wa mavuno ya pili, shamba na miti yote iliyo ndani inakuwa ya mwenye kutoa makuta." Kidole changu kilipita chini ya maneno hayo, polepole, mpaka ukingo wa karatasi, na mdomo wangu ukasema: "Na sisi wote tunakubaliana kwa amani, mbele ya Mungu anayeona yote." Niliyapima yatoshe urefu wa mstari. Sauti yangu haikutetemeka, mimi ambaye ninatetemeka nikiulizwa jina la mto mbele ya darasa.

"Amina," mukaka akasema. Akaweka punje ya kenda. Mwisho zilikuwa kumi na moja, na mistari kumi na moja. Akatia kidole.

Tulijenga. Chumba cha kwanza mpaka cha nne vilipata watu kabla rangi haijakauka. Kwa miezi saba au nane papa alikuwa anatembea barabarani kama mtu mwenye hoteli. Halafu bei ikaanguka. Sijui kuieleza kama mwalimu wa uchumi, ninaeleza nilichoona. Kila parsele ya avenue yetu ilikuwa na vyumba vipya nyuma, hata wale ambao hawakuwa na makuta walikopa. Wakati huohuo, wapangaji wakaanza kwenda. Njia ya Eringeti ilitulia kidogo, wengine wakarudi kuona mashamba yao. Wengine wakavuka Uganda. Mwanajeshi wa chumba cha pili akatumwa mkoa mwingine, akaondoka na bibi na watoto kwa siku moja. Wenye nyumba wakapunguza bei, jirani akapunguza zaidi, wa ng'ambo ya njia akasema mwezi wa kwanza ni bure. Watu walikuja kwangu kuniomba niwaandikie vibao, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri: NYUMBA YA KUPANGA. Niliandika kumi na vinne. Nikienda shule nilikuwa ninasoma mwandiko wangu kwenye karibu kila mlango wa parsele.

Mpangaji wetu wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Eringeti mwenye mashine ya kushona. Alipoondoka alifagia chumba, akatuachia kitambaa cha meza. Alisema: "Mulitupokea vizuri, mais ile bei ya mwaka wa kwanza, ee Yesu, mulitukamua." Mama akacheka, papa akacheka. Mimi nilikumbuka kwamba barua ya kumpandishia bei niliiandika mimi.

Kwetu, maneno juu ya jambo hili hayaishi. Papa anasema ni vita. Mama anasema ni Serikali. Jirani anasema ni wakimbizi, wangebaki tu, nani aliwafukuza? Kanisani walisema ni majaribu. Sikusikia hata mtu mmoja akisema, miye nilijenga chumba ambacho hakuna aliyekiomba. Na mimi sikusema kitu, maana ningeanza, ningefika mpaka mstari wa kenda. Chumba cha tano hakijapata paa hata leo. Tunaweka kuni ndani yake.

Sasa ninarudi kwenye Jumamosi ile.

Papa aliweka turnevisi juu ya dirisha. Akasema: "Utaenda. Miye nangojea mutu wa milango, anakuya saa ine."

"Nitasoma nini, papa?"

"Soma vile imeandikwa. Na ukifika pale, sema haukuwa. Sema aliuongeza nyuma."

"Mais si kweli."

"Mukaka atakuamini. Chef wa avenue atamuamini mukaka, ni mama muzee, bote banamujua. Shamba itabaki." Akanitazama mara ya kwanza. "Ama unataka ipotee?"

Nilizima taa ya simu, nikamrudishia. Alinipa makuta ya gari, mama akanipa samaki mbili za kukauka ndani ya sashe. Mama hakujua kitu. Aliniambia: "Ukamuonyeshe yule mwizi!"

Nilifika Beni saa sita kasoro. Mnunuzi wa kakao alikuwa bado kwenye kiti kile, amekaza miguu ili asianguke. Nilikuwa nimemkumbuka kuwa mtu mkubwa, mais ni mtu mfupi tu mwenye kofia, na alionekana amechoka. Chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, alikuwa ameketi mlangoni na kaye lake la kuandikia. Nje, majirani watatu au wanne walikuwa wanajifanya wanaanika nguo.

"Ameingia!" mukaka akasema. "Macho yangu ameingia. Sasa weye, vaa kofia vizuri, utaivua kwa haya."

"Mama muzee, miye siko mwizi," mnunuzi akasema. "Karatasi ni ile ile. Nimengojea hata kupita mavuno, ju ya heshima yako."

"Heshima yangu iko inakula kakao yangu?"

Majirani wakacheka. Chef akagonga kaye. "Mukaka, acha mutoto asome."

Niliketi kando yake. Alikuwa na maharagi tayari kwenye kiganja. Niliweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Nilisoma, naye akaweka punje. Wa pili, punje. Alama ya kidole cha mukaka ilikuwa chini kabisa ya karatasi, ya rangi ya bluu, na ilikuwa imefifia kidogo. Nilipofika mwisho wa mstari wa nane kidole changu kilisimama.

"Continue," chef akasema.

Niliusoma wa kenda vile umeandikwa. Mukaka alikuwa amekwisha kufungua mdomo aseme Amina. Aliufunga. Punje ilibaki kati ya vidole vyake.

"Hii haikuwa," akasema. "Pale palikuwa Mungu anayeona yote. Niliitikia Amina. Chef, andika: palikuwa jina la Mungu, huyu mutu amelifuta!"

"Nilifuta na nini, mama muzee? Na ulimi?" mnunuzi akasema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Chef akachukua karatasi, akaigeuza kwenye mwangaza, akairudisha mezani. Akaniuliza mimi: "Siku ile ulisoma, huu mustari ulikuwa hapa, ama haukuwa?"

Wote walinitazama. Hicho ndicho kitu ninachoogopa kuliko vyote, watu kunitazama pamoja. Nilikuwa na neno moja tayari, papa alikuwa amenipa. "Haukuwa." Ningelisema, mukaka angebaki na shamba lake jioni ile, na mtu yule mfupi angetoka nje mbele ya majirani akiitwa mwizi, na mukaka angeendelea kuniita macho yake.

"Ulikuwa," nikasema.

"Sema nguvu."

"Ulikuwa. Yale mengine nilitunga miye."

Mukaka hakupiga kelele. Aliirudisha punje kwenye kiganja, pamoja na zile zilizobaki. Akamwambia mnunuzi: "Toka kwenye kiti hiyo, itakuangusha. Chukua ingine." Kwake hiyo ni kuomba msamaha.

Chef aliniuliza maswali, nikajibu. Aliuliza nani alinituma, nikasema papa alisema nisiusome, mais maneno ni yangu. Akafikiri. Akasema karatasi ambayo haikusomwa vizuri kwa mwenye kutia kidole, yeye hawezi kuiita karatasi nzuri, na pia hawezi kuitupa, kwa kuwa makuta ilitoka kweli na huyu mnunuzi hakudanganya. Akaamuru niandike kila kitu na mkono wangu, niweke sahihi, aipeleke bureau ya quartier Jumatatu na papa aitwe. Mpaka pale, hakuna wa kugusa kakao. "Labda shamba itabaki, labda hapana," akasema. "Siwezi kumudanganya mama muzee mara ya pili."

Walipoondoka, mukaka aliniuliza: "Papa yako alikuahidi nini?"

"Chumba."

"Kiko na dirisha?"

"Iko tundu ya dirisha. Dirisha haina. Hata paa."

Alichambua maharagi kidogo. Halafu akasema: "Papa yako nilimuzaa, namujua. Akiona kitu, anakikimbilia, haangalii chini. Weye ndiye sikukujua."

Hakusema neno lingine juu ya jambo lile. Tulikula samaki ya mama. Alinipa kipande cha tumbo, kama kawaida, na sikuweza kukila chote.

Saa kumi na moja nilimwita papa kwa simu ya jirani. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, nikiogopa nikinyamaza sitaendelea. Nilisikia msumeno wa mtu mwingine nyuma yake, halafu ukaacha.

"Umenimaliza," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Mukaka anasema nini?"

"Hapana kitu."

"Ni mubaya hiyo." Halafu: "Umekula?"

"Nimekula."

"Lundi, siku ya bureau, nitakuya na makuta ya milango. Haitoshi. Nitakuya nayo vile vile."

Asubuhi, Yenga, niliamka kabla ya mukaka. Nilitoa karatasi katikati ya kaye yangu ya kifaransa, nikaketi mlangoni mahali kuna mwangaza, nikaandika. Sikuandika vita wala Serikali. Niliandika siku ile, gari, maneno ya papa, na maneno yangu yenyewe, mstari ule wa Mungu anayeona yote, wote. Niliandika pia chumba cha tano. Ikawa mistari kumi na sita. Niliweka sahihi.

Mukaka alikuja na maharagi yake. Nilimsomea na kidole chini ya kila mstari, naye akaweka punje zake. Nilipofika kwenye maneno yale hakusema Amina. Mwisho alihesabu, kumi na sita, mistari kumi na sita. Mimi nilingojea aseme kwamba na yeye amesoma. Hakusema. Alikunja karatasi, akakusanya punje kwenye ngumi, akafunga kitambaa cha kanisa kichwani, akaniambia: "Tuende."

Tulienda kwa jirani mwenye simu, mama mmoja wa koro ya kanisa ambaye anasoma na miwani. Mukaka akampa karatasi. "Unisomee na weye."

Mama yule alisoma polepole, akirudia mahali ambapo mwandiko wangu ulikuwa umebanana. Mukaka alikuwa anahamisha punje moja moja kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Mimi nilisimama kando ya mlango, nikasikiliza maneno yangu yote katika mdomo wa mtu mwingine, mpaka sahihi.

"Ni vile vile alikusomea?" jirani akauliza.

"Vile vile," mukaka akasema.

Aliweka karatasi ndani ya Biblia yake, akanipa maharagi, akaniambia niyarudishe kwenye sufuria kabla hatujaenda kanisani, maana ni ya chakula cha mchana. Nikarudi mbio nyumbani na ngumi imefungwa, nikayarudisha.